Shajara ya mradi: kidahizo "galvani" na kipande cha bati

11 Januari

Nimepewa herufi G. Faharasa yetu ya maneno ya umeme ina watu wanne, wote wa kujitolea, na aliyepewa A mpaka F amemaliza zamani: ampea, betri, chaji, dainamo, fyuzi. Maneno yenye adabu hayo, kila moja na maana yake. Mimi nimeangukiwa na kidahizo (yaani neno la kuelezwa maana) "galvani", neno ambalo mara ya mwisho nililiona nikiwa kidato cha tatu, tena likiwa limeshikana na "meta".

Nilidhani ni kazi ya jioni moja. Rasimu ya kwanza, nzima nzima, ni hii:

*galvani (pia ugalvani) nm: neno la zamani la kitaalamu lenye maana ya umeme.*

Nikaituma, nikaenda kula.

12 Januari

Imerudi kabla ya chai ya saa nne. Mhariri wetu tunamwita Dada. Umri hakutuzidi, ila ukali wake ni wa dada mkubwa. Pembeni ameniwekea maswali matatu:

"Kaka, umeme upi? Wa radi, wa waya, wa betri?"

"Hao wataalamu wa zamani si walikuwa na neno lao la umeme tayari? Hili la pili walilitakia nini?"

"Na mabomba ya galvanaizi tunayouziwa dukani, yana umeme?"

La tatu lilinichekesha. Baada ya kucheka nikaona sina jibu. Juu ya kichwa changu, hapa Tanga, nina paa la bati la galvanaizi ambalo nimelilipia mwenyewe, na sijui linaitwaje hivyo. Fundi umeme wa miaka kumi na tisa!

18 Januari

Wiki nzima ya kusoma usiku. Naanza na mwenye jina.

Luigi Galvani alizaliwa Bologna, Italia, mwaka 1737. Alikuwa tabibu na mwalimu wa anatomia, na kwa miaka mingi alipasua vyura. Siku moja chura aliyekwisha kupasuliwa alikuwa mezani, karibu na mashine ya kusugua inayotoa cheche. Kisu kilipogusa mshipa wa fahamu wakati cheche inaruka, miguu ya yule chura mfu ikatupa teke. Mtu mwingine angeshtuka akasahau. Galvani alilifukuzia jambo hilo kwa miaka.

Mwaka 1786 alitoa miguu ya vyura nje ya nyumba, ameitundika kwa ndoano za shaba ya manjano, aone radi itaifanya nini. Radi iliirusha kweli. Lakini hata siku ambazo mbingu ilikuwa tulivu, ile ndoano ikigandamizwa kwenye chuma cha uzio, miguu ilicheza. Hakuna cheche, hakuna wingu. Galvani akahitimisha kuwa umeme umo ndani ya mnyama mwenyewe, umehifadhiwa kwenye misuli kama unavyohifadhiwa kwenye chupa ya Leyden, na chuma kinaufungulia njia tu. Akaandika kitabu chake kwa Kilatini mwaka 1791, akauita umeme wa wanyama.

Huko Pavia, Alessandro Volta akayarudia majaribio yale. Mwanzoni alikubali. Baadaye akageuka: umeme hautoki kwa chura, unatoka pale metali mbili tofauti zinapogusana. Kwa lugha ya mafundi, Volta alisema chura ni testa. Anaonyesha kwamba umeme upo, hauzalishi yeye.

Sasa ndipo nimelielewa swali la pili la Dada. Watu wale walikuwa na neno la umeme, ndiyo. Kwao lilikuwa jina la cheche za mashine za kusugua, na tangu majaribio ya mwaka 1752 likawa pia jina la radi. Hiki kilichorusha miguu ya chura hakikuwa na cheche, hakikuwa na mlio, hakikuvuta manyoya. Ulikuwa umeme uleule au mwingine? Hakuna aliyejua. Jina "galvani" likawa kama bahasha: humo ndani kuna kitu, tutakifungua tukishakijua. Kwa miaka kama kumi lilikuwa jina la ubishi.

Kinachonifurahisha ni kwamba hata Volta alilitumia. Mwaka 1801 alipokwenda Paris kuonyesha kazi yake mbele ya Napoleon, hoja yake ilikuwa kwamba majimaji ya umeme na hicho "kinachoitwa" majimaji ya kigalvani ni kitu kimoja. Anamshinda mwenzake na bado inabidi alitaje jina lake kila aya.

(Majimaji, ndiyo. Waliamini umeme ni kitu kinachotiririka kama maji. Tusiwacheke, sisi mpaka leo tunasema mkondo.)

Rasimu ya pili:

*ugalvani nm (kizamani): jambo lililogunduliwa na Galvani, ambalo lilibishaniwa kama ni umeme au la.*

Dada: "Afadhali. Lakini huwezi kumpa mwanafunzi bahasha, Kaka. Mfungulie."

25 Januari

Nimeamua kuujenga mwenyewe. Nimechoka kusoma kuhusu mnara wa Volta, ile betri yake ya sahani zilizopangwa, bila kuugusa.

Volta aliueleza mnara huo kwenye barua ya tarehe 20 Machi 1800, aliyomwandikia Joseph Banks, rais wa Royal Society, chama cha wanasayansi cha London: sahani ya fedha, ya zinki, kadibodi iliyolowa maji ya chumvi, kisha tena fedha, zinki, kadibodi, mpaka urefu utakao. Fedha sina. Shaba nimeipata kwa fundi friji jirani, kipande cha bomba nikakipasua na kukipiga nyundo mpaka kikawa bapa. Zinki nimeitoa kwenye betri kuukuu za tochi, zile za bei rahisi ambazo kopo lake ndilo zinki. Betri za alkalaini usizipasue, kopo lake ni la chuma na uji wake unaunguza ngozi. Nikasugua kila kipande kwa msasa. Kadibodi ni ya boksi la viatu.

Ngazi moja (shaba, kadibodi, zinki) peke yake: volti 0.78. Nikapanga sita. Hesabu yangu ilitaka zaidi ya 4.5, mita ikaniambia 1.9.

Nilikagua kila mguso, nikabadilisha hata betri ya mita. Mpwa wangu, ambaye yuko kidato cha pili na alikuja kuomba chaja, akasimama akatazama, kisha akasema, "Shikamoo mjomba. Mbona inavuja?" Kweli. Kadibodi nilizilowesha mno, zikikandamizwa maji ya chumvi yanateremka pembeni ya mnara na kuziunganisha ngazi zote. Shoti, kosa ambalo mteja akilifanya namhubiria. Nikakamua kadibodi, nikafuta kingo, nikapanga upya: volti 4.6. Kitaa chekundu cha LED kikawaka, hafifu, kama jicho la mtu mwenye usingizi.

Shida hii ya kukauka na kuvuja Volta aliijua, ndiyo maana barua yake ina muundo wa pili, taji la vikombe: vikombe vya maji ya chumvi kwenye duara, vimeunganishwa kwa tao za metali mbili. Ningeanza na hicho ningeokoa saa mbili.

Na kitu kingine. Nilipoufumua mnara jioni, zinki zilikuwa zimechafuka, zimeliwa madoadoa. Shaba ilikuwa karibu kama nilivyoiweka. Volta alishikilia kwamba mguso tu wa metali mbili ndio unaosukuma umeme. Kumbe kuna anayelipa: zinki inaliwa, na kuliwa kwake ndiko kunakosukuma mkondo. Kwa hiyo hata yeye aliyeshinda ubishi hakuwa amemaliza.

26 Januari

Kwa kuwa maji ya chumvi yapo na mpwa bado yupo (chaja amepata, ila haondoki), tumeweka vikombe vinne dirishani. Kila kimoja kina maji ya chumvi kiasi kilekile:

cha kwanza, msumari mtupu wa chuma;
cha pili, msumari uliozungushiwa utepe wa zinki;
cha tatu, msumari uliozungushiwa waya wa shaba;
cha nne, kipande cha bati jipya la galvanaizi, kimekwaruzwa katikati kwa ncha ya msumari mpaka chuma kionekane.

Mpwa amebeti kwamba kitakachoota kutu mwanzo ni cha nne, "kwa sababu mabati ya siku hizi ni karatasi". Tumewekeana soda.

2 Februari

Turudi Bologna, maana hadithi ina mjomba na mpwa pia.

Galvani alifariki mwaka 1798. Mwaka huohuo alikuwa amepoteza kazi kwa kukataa kula kiapo cha serikali mpya ya Jamhuri ya Cisalpina. Hakuuona mnara wa Volta. Aliyebaki kumtetea alikuwa mtoto wa dada yake, Giovanni Aldini. Kwa Kiswahili uhusiano huu una jina lake na uzito wake, na nadhani tunamwelewa Aldini haraka kuliko wengine: mpwa hawezi kukaa kimya mjomba wake akisemwa. Tatizo ni namna alivyotetea. Januari 1803, London, aliuchukua mwili wa George Forster, mtu aliyenyongwa kwa kosa la kuwaua mke na mtoto wake, akaugusisha nyaya za mnara mkubwa mbele ya watu. Taya likatetemeka, jicho moja likafunguka. Magazeti yakapata la kuandika.

Tangu hapo neno likapata harufu nyingine. "Galvani" likawa jambo la kufufua maiti, la matibabu ya ajabu, la mikanda ya kuvaa kiunoni iliyouzwa kwa ahadi ya kurudisha nguvu. Kwenye Kiingereza na Kifaransa kitenzi chake kikaja kumaanisha kumshtua mtu aliyelala mpaka ainuke afanye kazi. Sisi hatuna matumizi hayo na siyaingizi kwenye faharasa, tuna "kuchachamaa" yetu inatosha.

Wanasayansi wao walikuwa wanakwenda upande wa pili. Mwaka 1833 Michael Faraday alikaa akapanga umeme wa kila aina uliojulikana: wa kusugua, wa mnara wa Volta, wa sumaku, wa joto, wa wanyama kama yule samaki taa mwenye kupiga shoti. Akapima kila mmoja kwa kazi zilezile: unapasha joto? unageuza sindano ya sumaku? unatenganisha kemikali? unarusha msuli? Jibu lake: ni umeme mmoja, unatofautiana wingi na msukumo tu. Bahasha ikafunguliwa, ndani kukakutwa kitu ambacho tayari kilikuwa na jina.

Neno lingeweza kufa hapo. Halikufa, lilihama. Matabibu walilishika, kwao "galvani" ni mkondo unaokwenda upande mmoja bila kukatika, tofauti na "faradi", ule wa kukatwakatwa wa koili. Watu wa tibaviungo bado wanazijua istilahi hizi mbili. Na watu wa vipimo walilishika kwenye galvanometa, chombo cha kupimia mkondo kilichotokea baada ya Ørsted wa Copenhagen kuonyesha mwaka 1820 kwamba mkondo unageuza sindano ya dira.

Hapo kwenye galvanometa nimekwama kwa furaha. Willem Einthoven, Mholanzi, mwanzoni mwa karne ya 20 alitengeneza galvanometa ya uzi mwembamba mno, uliosimama katikati ya sumaku, akaitumia kuchora mapigo ya moyo wa mtu. Ndiyo mama wa kipimo cha ECG kilichomo hospitalini leo, na kilimpa Nobel mwaka 1924. Yaani chombo chenye jina la Galvani ndicho kilichosomea umeme unaotoka ndani ya mwili ulio hai. Tabibu wa vyura hakukosea vile Volta alivyodhani. Tena mwaka 1794 lilitoka jaribio la upande wake lisilo na metali yoyote, msuli wa chura ukacheza kwa kuguswa na mshipa wake tu.

3 Februari

Dada amesoma ya jana: "Hii ni hadithi nzuri. Kidahizo kiko wapi?"

8 Februari

Vikombe, siku ya 13.

Cha tatu, chenye shaba, ni msiba. Maji yamekuwa rangi ya chai ya maziwa, msumari umevimba kutu. Cha kwanza, msumari mtupu, una kutu ya kawaida. Cha pili, chenye zinki, msumari unang'aa, ila utepe wa zinki umeota unga mweupe. Cha nne, bati lililokwaruzwa: mkwaruzo bado safi! Chuma kiko uchi kwenye maji ya chumvi siku kumi na tatu na hakijashika kutu. Kando yake kuna unga mweupe uleule wa kikombe cha pili.

Mpwa ananidai hoja, mimi namdai soda.

Nikampelekea swali fundi anayeezeka mtaani kwetu, mzee wa makamo, mikono yote makovu ya bati. Nilimkuta akipunga upepo chini ya mwembe.

"Mzee, bati likichubuka kidogo, mbona kutu haishiki palepale?"

"Zinki inalilinda."

"Si imechubuka? Pale haipo."

"Haipo pale, ipo jirani," akasema. "Jirani mwema hakuachi. Subiri zinki iishe, ndiyo utaona bati linakufa. Na huku kwetu kwa upepo wa bahari, haikawii."

Sikupata maelezo mafupi kuliko hayo kwenye kitabu chochote. Kwa lugha ya G: zinki na chuma zikigusana, kukawa na unyevu wenye chumvi, tayari una ngazi moja ya mnara wa Volta. Katika seli hiyo zinki ndiyo inayoliwa, kwa sababu inaachia elektroni kwa wepesi kuliko chuma. Kwenye jedwali la vipimo zinki ina volti −0.76, chuma −0.44, shaba +0.34. Mwenye namba ya chini analiwa kwa niaba ya mwenzake. Ndiyo maana kikombe cha tatu kimeangamia: hapo chuma ndicho kilichokuwa cha chini, kikaliwa kwa niaba ya shaba. Mpitisha bomba la shaba juu ya paa la galvanaizi na aisome tena sentensi hiyo.

Swali la tatu la Dada lina jibu sasa, na jibu lina kona. Bati la galvanaizi la kawaida halipakwi zinki kwa umeme. Chuma kinachovywa kwenye zinki iliyoyeyushwa, joto kama nyuzi 450. Njia hiyo Mfaransa Malouin aliieleza mbele ya chuo cha sayansi cha Paris mwaka 1742, Galvani akiwa mtoto wa miaka mitano. Kwa upande wa kiwandani, basi, jina si lake kabisa. Lakini mwaka 1837 Stanislas Sorel alipochukua hataza yake Ufaransa alichagua jina hilo kwa makusudi, kwa kuwa alielewa zinki inalinda chuma kwa njia ya kigalvani. Jina halisemi bati lilitengenezwaje. Linasema litafanya nini likichubuka mvua ikanyesha.

Nimelala nikisikia manyunyu juu ya paa na kwa mara ya kwanza nikawaza kwamba kule juu, kwenye kila tundu la msumari, kuna betri ndogo inafanya kazi ambayo haiwashi chochote.

15 Februari

Nimeshuka ufukweni. Nilikumbuka kwamba mashine za boti zina kipande cha metali ya kijivu kimefungwa karibu na panga boi, kimejaa mashimo kama jibini. Wavuvi wanakiita zinki tu. Mmoja alikuwa anaipaka mashine yake rangi mpya, na zinki nayo kaitia rangi ipendeze. Nikamwambia, "Ndugu yangu, hiyo usiipake." Akaniangalia kama nimemwambia asipake jina la boti. Zinki iliyopakwa rangi haigusi maji, isipogusa maji hailiwi, isipoliwa itakayoliwa ni mashine. Sijui kama aliniamini. Alikuwa mpole, akasema, "Haya, mtaalamu," maneno ambayo Tanga yana maana zaidi ya moja.

Wazo lenyewe lilianzia majini pia. Mwaka 1824 Humphry Davy aliombwa na jeshi la majini la Uingereza anusuru mabati ya shaba yaliyofunika matumbo ya merikebu, maana chumvi ilikuwa inayala. Akafunga vipande vya zinki na vya chuma. Shaba ikaacha kuliwa. Lakini ilikuwa ni kule kuliwa ndiko kulikokuwa kunatoa sumu ya shaba na kufukuza magugu na viumbe vya baharini. Shaba iliyolindwa ikaota chaza na majani mpaka merikebu zikawa nzito. Davy alifaulu kikemia akafeli kibaharia.

22 Februari

Siku ya kuzurura. Haya si ya G, nayaandika ili aliyepewa K na S ayaone.

Lile neno la umeme ambalo Galvani na Volta walilikuta tayari linatokana na Kigiriki cha kaharabu, ule utomvu wa mti ulioganda ukawa jiwe la rangi ya asali. Ukiisugua inavuta manyoya. William Gilbert, tabibu wa Kiingereza, ndiye aliyelitumia mwaka 1600 kuviita vitu vyote vyenye tabia ya kaharabu. Sasa tazama: neno letu kaharabu lina asili ya Kiajemi, kah-ruba, kinyakua-makapi, likapitia Kiarabu. Na Waarabu walipotafuta jina la umeme walichukua hilohilo. Leo ukiwa Muscat ukasema kahrabaa umetaja stima ya nyumbani. Sisi tuliazima mapema, tukabaki na jiwe la shanga. Wao wakaendelea na waya.

Waswahili kwa umeme tulipanda juu zaidi, tukachukua mmweko wa mawinguni. Kenya wana stima, ambalo ni mvuke wa Kiingereza uliopita kwenye meli na mitambo ukaishia kwenye balbu. "Stima imepotea," anasema mtu wa Nairobi. "Umeme umekatika," tunasema sisi, na wote tunatafuta mshumaa. Tanzania ukitamka "stimu" mbele ya vijana wataelewa jambo jingine, kwa hiyo S achunge.

Kaharabu, radi, mvuke, chura. Hakuna hata mmoja aliyeupa umeme jina la umeme wenyewe. Kila mtu aliuita kwa kile alichokuwa ameshika siku anakutana nao.

1 Machi

Vita vya kitenzi. Mwenzetu wa herufi K anataka "kugalvanisha". Mimi nimekataa. Mafundi hawasemi hivyo: wanasema bati la galvanaizi, bomba la jiai, kwa zile herufi mbili, GI, zinazochapwa ubavuni, na kitendo chenyewe wanakiita kuchovya zinki. Kuchovya kunaonyesha kazi, mwanafunzi anaona pipa na moto. "Kugalvanisha" kunamrudisha kwenye swali la Dada kama kuna umeme kiwandani. Dada ameamua: kidahizo kikuu kiwe "kuchovya zinki", "galvanaizi" iingie kama sifa, "kugalvanisha" ipewe mshale tu. K amenuna. Atapona.

Rasimu ya saba, ambayo imepita:

*ugalvani nm*
*1 (kihistoria, tangu miaka ya 1790) nguvu iliyorusha misuli ya chura katika majaribio ya Luigi Galvani, ikadhaniwa na wengine kuwa si umeme wa kawaida.*
*2 (kizamani) umeme wa mkondo utokanao na metali mbili tofauti na kimiminika chenye chumvi au asidi. Umeme wa betri.*
*3 (tiba) matumizi ya mkondo wa upande mmoja usiokatika mwilini.*
*Tanbihi: maana ya 2 leo husemwa umeme wa kikemia. Usilitumie neno hili kwa umeme wote. Halikuwahi kumaanisha radi wala umeme wa kusugua.*

*-a kigalvani kv: enye kuhusu seli ambamo metali moja huliwa na kusukuma mkondo, k.m. ulinzi wa kigalvani, kutu ya kigalvani.*

*galvanaizi kv: (bati, bomba, waya) iliyochovywa zinki. Tanbihi: hakitumiki umeme kuchovya, jina linatokana na namna zinki inavyolinda chuma baadaye.*

Dada ameandika neno moja: "Sawa." Halafu akaongeza la pili: "H?"

H ni herufi ya herzi, hataza, hidroelektriki. Naanza Jumatatu.

16 Machi

Vikombe nilivisahau, mke wangu ndiye aliyeuliza mpaka lini. Viwili nimekwisha kuvimwaga. Cha pili bado, utepe wa zinki umekuwa mwembamba kama ganda la kitunguu lakini msumari hauna doa.

Cha nne, siku ya 49: unga mweupe umeenea upande mzima wa bati, na katikati ya mkwaruzo kuna kidoa cha rangi ya tangawizi, kidogo kama punje ya mtama. Mpwa amekiona, anasema soda yake irudi.